Nani Atunze Maskini: Parokia au Serikali?

Ulizo hili ni la zamani. Tuangalie habari za Uingereza.

Mwaka 1601 sheria iliagiza kila parokia itunze maskini wake kwa kodi ya wenyeji, na wenye nguvu wapewe kazi. Wema wake ni huu: watu walijuana. Lakini parokia ziliogopa gharama, na maskini mgeni alirudishwa kwao.

Mwaka 1834 serikali iliweka wakubwa watatu kule London waangalie nchi nzima. Parokia ziliunganishwa, na pahali pengi mwenye nguvu aliyeomba msaada alilazimishwa kuingia nyumba ya kazi. Humo mume alitengwa na mke wake. Mwaka 1845 ilijulikana kwamba kule Andover watu waliopewa kazi ya kuponda mifupa waligombania mafuta ya ndani yake kwa sababu ya njaa. Wakubwa wa London walikuwa mbali, hawakuona. Wakubwa wa pale walikuwa karibu, hawakuhurumia.

Mwaka 1921 madiwani 30 wa Poplar, mtaa maskini wa London, pamoja na George Lansbury, walifungwa gerezani. Walikataa kutoza kodi ya jiji, kwa maana mtaa wao ulibeba peke yake mzigo wa watu wengi wasio na kazi. Ndipo sheria ikaagiza mitaa yote ya London isaidiane.

Basi tunajifunza nini? Fedha itoke kwa wote, maana maskini hawezi kumbeba maskini mwenzake siku zote. Lakini anayeigawa akae karibu, amjue mtu kwa jina lake, naye mwenyewe aangaliwe.