Kwa nini kitunguu hunyauka katika udongo wenye maji

Anayeandaa kachumbari hukata vitunguu, huvinyunyizia chumvi na kuviacha kwa dakika chache. Ndani ya bakuli hujikusanya maji ambayo hakuna aliyeyamimina. Yametoka katika seli za kitunguu chenyewe, na mwendo huo ndio wataalamu wanaouita osmosisi.

Seli huzungukwa na utando mwembamba unaopitisha maji lakini huzuia sehemu kubwa ya chumvi na sukari. Maji hupita kwenda na kurudi, ila mengi zaidi huelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Mfaransa Jean-Antoine Nollet alilieleza jambo hilo mwaka 1748, baada ya majaribio ya kibofu cha nguruwe.

Katika kata ya Malolo, wilayani Kilosa, ambako vitunguu hulimwa kwa umwagiliaji, suala hili linagusa mfuko wa mkulima. Mzizi hunywa kwa sababu utomvu wa seli zake una chumvi na sukari nyingi kuliko maji ya udongoni. Hata hivyo, maji ya mto wowote huwa na chumvi kidogo. Jua huyavukiza, chumvi hubaki. Na mahali pasipo na mitaro ya kutolea maji, hurundikana msimu hadi msimu. Tofauti kati ya mzizi na udongo hupungua, na mmea hupatwa na kiu ukiwa umesimama katika tope. Mkulima asiyejua sababu huweza kuongeza mbolea ya chumvichumvi, jina ambalo safari hii linasema kweli tupu, na kuzidisha tatizo.

Kitunguu hakivumilii. Kwa vipimo vinavyotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), mavuno yake huanza kushuka uchumvi wa udongo unapozidi desisimensi 1.2 kwa mita, na hubaki nusu unapofikia 4.3. Mpunga huanza kuathirika kwenye 3.0. Kwa hiyo jaruba lililotoa mpunga mzuri laweza kukiangusha kitunguu.

Tiba ni maji yasiyo na chumvi nyingi, yamwagwe ya kutosha kuishusha chumvi chini ya mizizi, kisha yapate pa kutokea. Yakikosa mtaro, maji ya ardhini hupanda na kuirudisha juu, ambako huonekana kama ukoko mweupe.