Zabibu Nyeupe Ndani ya Mvinyo Mwekundu wa Chianti

Bettino Ricasoli alikuwa mtu mgumu hata Waitaliano wakambandika jina la Baroni wa Chuma. Waziri mkuu Cavour alipofariki mwaka 1861, ndiye aliyeshika nafasi yake katika Italia iliyokuwa ndiyo kwanza imeungana. Ila huko Brolio, ngome ya ukoo wake katika vilima vya Chianti, lilimsumbua jambo jingine: achanganye zabibu zipi ili apate mvinyo mwekundu wenye hadhi?

Jibu alimwandikia Profesa Cesare Studiati wa Pisa mwaka 1872. Sangiovese ndiyo inayotoa harufu na nguvu. Canaiolo hupunguza ukali. Ya tatu, Malvasia, ni zabibu nyeupe, nayo huufanya mvinyo uwe mwepesi, wa kunywewa kila siku. Mvinyo wa kuhifadhiwa miaka mingi, alieleza, hauihitaji.

Sangiovese huchelewa kuiva. Ikivunwa mapema mvinyo wake huwa mchachu, na ukakasi wake hukausha ulimi. Ikiiva sawasawa hunukia cheri, na rangi yake nyekundu huwa angavu, si nzito. Mvinyo wa namna hiyo, ukizidishiwa zabibu nyeupe, hubaki nini?

Wakulima walishika nusu tu ya maneno ya baroni. Wakapanda kwa wingi Trebbiano, nyeupe nyingine, inayozaa sana lakini haina ladha ya kutajika. Kibaya zaidi, kanuni za serikali za mwaka 1967 ziliifanya desturi hiyo kuwa sharti: Chianti lazima iwe na zabibu nyeupe, asilimia 10 hadi 30. Dunia ikaizoea Chianti kama kinywaji cha bei rahisi, katika chupa ya tumbo iliyovikwa majani makavu.

Waasi hawakukawia. Familia ya Antinori iliuza Tignanello ya mwaka 1971 kama mvinyo wa mezani, daraja la chini kabisa kisheria. Tangu mavuno ya 1975 haikutiwa zabibu nyeupe hata moja. Mwaka 1977 Sergio Manetti wa shamba la Montevertine alitengeneza Le Pergole Torte kwa Sangiovese tupu. “Mvinyo wa mezani” huo ukaja kuuzwa ghali kuliko Chianti yenyewe.

Sheria ilifuata kwa kujikokota. Kuanzia mavuno ya mwaka 2006, zabibu nyeupe zilipigwa marufuku katika Chianti Classico, Chianti ya eneo lake la asili. Montevertine, waliokwisha kujitoa kwenye chama cha wazalishaji, hawakurudi.