Ulaya kwa Siku Chache, Mambasa kwa Wiki Nzima

Katika miaka ya 1970 na 1980 kulikuwa na malori yaliyotoka London kwenda Nairobi kwa nchi kavu. Hayakubeba mizigo ya biashara. Nyuma yalikuwa na viti, na vijana wa Kizungu walilipa nauli wakae humo miezi kadhaa. Mimi niliyaona nikiwa mtoto Mambasa. Tangu nifike kambini nimewauliza wazee wa Bumba, Buta na Isiro, na njia nzima sasa naijua.

Cha kushangaza kwanza ni haraka yao Ulaya. Wakishavuka bahari hadi Ufaransa, walikimbia kusini mpaka Algeciras, Hispania. Ni zaidi ya kilomita 2,000, wao wanamaliza kwa siku chache tu. Kule chakula na malazi ni ghali, barabara ni lami tupu, na mpakani ilikuwa kuonyesha pasipoti ukapita. Halafu feri, Moroko, Algeria, jangwa la Sahara, Niger, Nigeria, Kameruni, Bangui. Hapo walivuka mto Ubangi kwa kivuko, wakaingia Zaire.

Na hapo mwendo uliisha, bwana! Mvua ikinyesha, mashimo ya barabara yetu yalimeza lori mpaka kwenye viti. Wazungu walishuka na makoleo, wakaweka mabamba ya chuma chini ya magurudumu. Vijana wa kijiji walisukuma, wakalipwa sabuni, sigara au fulana. Akina mama walileta ndizi na mananasi. Lori lililoipita Ufaransa bila kuiona liliweza kulala wiki nzima kati ya Epulu na Mambasa, na watu wake wakajifunza kutuamkia. Barabara hiyo babu zetu waliichonga kwa jembe na kazi ya lazima, enzi za Wabelgiji. Lami haikufika.

Lakini si matope yaliyoiua safari hiyo. Algeria ilitumbukia vitani mwaka 1992, na mwaka 1994 mpaka wake na Moroko ukafungwa. Mwaka 1996 vita vikaingia Zaire. Malori yakahamia njia nyingine, hasa Nairobi hadi Cape Town. Kwetu yakabaki magari ya askari, na sisi tukaondoka kwa miguu.

Kuna jambo moja ambalo wazee wengi hawakulijua. Lile lori lilikuwa na pasipoti yake! Ni kitabu cha forodha, kila ukurasa una vipande vitatu: kimoja kinabaki mpakani gari likiingia, kingine likitoka, na cha tatu kinabaki kitabuni na mihuri yote. Kabla ya kukipata, mwenye gari aliweka dhamana ya fedha kwamba chuma chake hakitauzwa njiani. Yaani chuma kilikuwa na mtu wa kukisemea katika kila nchi.

Sisi je? Mwaka 1922 Nansen alianzisha hati ya safari kwa wakimbizi wa Urusi waliobaki bila nchi. Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 28, unazitaka nchi zitoe hati ya safari kwa wakimbizi wanaokaa humo kihalali, isipokuwa sababu nzito za usalama au utulivu wa nchi zizuie. Wengi hapa hawajawahi kuiona. Hata kwenda mjini kumtazama mgonjwa tunasubiri kibali. Ndugu zetu wa mashirika, mkituita kwenye semina ya haki, anzieni kifungu hicho: nani anaiomba, wapi, kwa karatasi gani.

Na wazee wangu, njooni mtuhadithie. Watoto waliozaliwa kambini wanaijua barabara ya Mambasa kwa jambo moja tu, kwamba watu hufia pale. Hawajui kwamba mtu aliweza kutoka London akafika pale akiwa hai, akanunua nanasi, akaendelea Beni na Uganda. Waliosukuma yale malori bado wapo, lakini wanapungua kila mwaka. Tuandike majina ya vijiji, vivuko na madaraja, moja moja, kwa sababu siku ya kurudi nyumbani tutapita huko huko.