Kupima Shinikizo la Damu: Kutoka Bomba la Hales hata Uzi wa Kioo

Neno "shinikizo" lilijulikana pwani ya Afrika ya Mashariki tangu zamani kuwa ni chombo cha kukamulia mafuta. Lilipotwaliwa kwa nguvu ya damu, lilitwaliwa vema. Maana jambo ni lile lile, majimaji yakishindana na kuta zinazoyazuia. Tatizo lililodumu karibu miaka 300 ni namna ya kuipima nguvu hiyo pasipo kumdhuru anayepimwa.

Kasisi Mwingereza Stephen Hales alitangaza kazi yake mwaka 1733. Alimfunga farasi jike, akamtia mrija mshipani na kuuunganisha na bomba la kioo. Damu ikapanda futi 8 na inchi 3. Kipimo kilipatikana, lakini mnyama alikufa. Mwaka 1828 Poiseuille wa Ufaransa alitumia zebaki, iliyo nzito kuliko maji zaidi ya mara 13, na bomba refu likawa fupi. Mwaka 1896 Riva-Rocci wa Italia aliuzungushia mkono mfuko wa hewa, asitoboe ngozi.

Walakini mkono hausemi yote yaliyomo moyoni, wala ya kichwani. Iliwabidi madaktari kuingiza mrija uliojaa maji hata mahali penyewe, kipimio kikibaki nje. Kiputo kimoja cha hewa, au donge dogo la damu, liliweza kulipotosha jibu.

Mwaka 1969 Lekholm na Lindström walieleza njia nyingine: kipimio kikae nchani mwa mrija, na habari ziletwe na mwanga. Uzi wa kioo hupeleka mwanga hata kwenye utando mwembamba; damu ikiusukuma utando, mwanga unaorudi hubadilika, na badiliko hilo ndilo kipimo. Uzi huo waweza kuwa na unene wa sehemu ya 8 ya milimeta. Kioo hakipitishi umeme, basi hakiuhatarishi moyo, wala hakivurugwi na sumaku za mashine za kupiga picha.

Hata hivyo kioo nacho kina ila yake. Baadhi ya vipimio vilivyoanza kutiwa ndani ya fuvu katika miaka ya 1980 husawazishwa na sifuri kabla ya kuingizwa tu. Vikiisha kuingia, kosa laweza kukua siku kwa siku pasipo njia ya kulisahihisha. Shinikizo la kawaida kichwani mwa mtu mzima aliyelala halipiti zebaki milimeta 15, hivyo kosa la milimeta 5 laweza kugeuza shauri la tiba. Ndiyo maana daktari mwangalifu husoma nambari, kisha akatazama na mboni za macho ya mgonjwa.