Fomu mpya, tiketi ya zamani: nambari ya kumbukumbu ilikotoka

Leo naiacha PHP kidogo tuzungumze historia. Msiogope, kompyuta zipo ndani.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitengeneza programu ya kupokea malalamiko ya wakulima wa Kitale na Bungoma. Kazi ni ya kampuni moja ya pembejeo ambayo sitaitaja jina. Mkulima anapiga simu kusema mbegu hazikuota, na mhudumu anamfungulia tiketi. Kisha mkulima anatumiwa fomu ya mtandaoni ajaze nambari ya pakiti, tarehe aliyopanda na picha ya shamba. Anajaza na kutuma, lakini ule mfumo waliokuwa nao unamfungulia tiketi nyingine mpya kabisa. Siku chache baadaye ile ya kwanza inafungwa kwa maneno "mteja hakujibu". Kumbe alijibu! Jibu lake limelala kwenye tiketi ya pili ambayo hakuna aliyepewa. Trans Nzoia mahindi hupandwa Machi na Aprili, mvua zikianza. Mtu akingojea majuma matatu ndipo apewe mbegu nyingine, msimu umeshampita.

Swali lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta: karatasi hii iliyoingia leo ni ya faili gani?

Makarani wa masjala walikuwa na jibu lao. Barua ya serikali hubeba mstari wa "Kumb." juu kabisa, yenu na yetu. Anayejibu anainakili ile ya mwenzake, na barua ikifika karani haisomi hata sentensi moja, anaangalia kumbukumbu na kuitia kwenye faili. Mimi nauona kuwa ubunifu mkubwa sana, maana kazi ya kuunganisha anaifanya yule anayejibu. Udhaifu wake unajulikana. Raia wa kawaida hajibu kwa kumbukumbu, anajibu kwa kueleza shida yake.

Barua pepe iliurithi mtindo huo. Mwaka 1982 waraka wa RFC 822 ulieleza sehemu za kichwa cha barua pepe, mojawapo ikiwa kitambulisho cha ujumbe, na nyingine ya kusema "hii ni jibu la ujumbe fulani". Programu ya barua inazijaza yenyewe bila mtumiaji kujua. Lakini watu wengine hufungua barua mpya badala ya kujibu ile ya zamani. Ndiyo maana programu ya RT, ambayo Jesse Vincent alianza kuiandika mwaka 1996, ikajulikana kwa kuweka nambari ya tiketi ndani ya mabano kwenye kichwa cha habari. Ni "Kumb." ileile, imevaa suti.

Fomu za tovuti ndizo zilizovuruga mambo. Ziliingia kwenye kiwango cha HTML 2.0 mwaka 1995, na fomu haina habari ya kilichotangulia. Inaleta tu yale yaliyoandikwa kwenye visanduku vyake. Unaweza kutia nambari ya tiketi kwenye kisanduku kilichofichwa, lakini mjanja yeyote ataibadilisha 812 iwe 813 na jibu lake litue kwenye tiketi ya jirani.

Sasa tuje huku kwetu, maana magharibi mwa Kenya tatizo hili lilipambanwa nalo mapema, tena hospitalini. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access, ukiwa kwenye kompyuta mbili na akiba ya umeme wa jua. Walioujenga ni watu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka huohuo ulianzishwa mpango wa AMPATH wa kutibu wenye virusi vya UKIMWI, nao ukapanuka hadi Kitale na Webuye. Mhudumu wa kliniki alijaza fomu ya karatasi na karani akaiingiza kwenye kompyuta. Mwaka 2006 wakahamia OpenMRS, programu huria inayotumika leo katika nchi nyingi.

Hebu fikiria kazi ya karani yule. Fomu iko mkononi, na mgonjwa yumo tayari kwenye mfumo tangu mwaka jana. Akikosea, dawa za mtu mmoja zinaandikwa kwa mwingine. Jina halimsaidii sana: Wabukusu huwapa watoto majina kwa majira waliyozaliwa, Wafula wakati wa mvua, Wanyonyi wakati wa palizi, Wekesa wakati wa mavuno, Simiyu wakati wa kiangazi. Ni majina matamu kweli, lakini tafuta "Wekesa" kwenye hifadhidata ya Bungoma uone mwenyewe.

Kwa hiyo walitegemea nambari, na OpenMRS ina kihakiki cha Luhn. Hans Peter Luhn wa IBM aliomba hataza ya mbinu hii mwaka 1954. Chukua 4271. Kuanzia kulia, zidisha kwa mbili tarakimu moja na kuiruka inayofuata: 1 inakuwa 2, 7 inabaki, 2 inakuwa 4, 4 inabaki. (Jibu likizidi 9, toa 9.) Jumla ni 17, inakosa 3 kufika 20, basi nambari kamili ni 42713. Karani akigeuza tarakimu akaandika 42173, hesabu inakataa palepale. Haigundui 09 ikigeuzwa 90, lakini makosa mengi ya mkono inayanasa.

M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, tatizo lilitoka kwa karani likaenda kwa mteja. Ukilipa kwa Paybill, wewe mwenyewe ndiye unayeandika nambari ya akaunti, yaani wewe ndiye masjala. One Acre Fund, shirika lililoanzia Bungoma mwaka 2006, nalo lilihamisha marejesho ya mikopo ya wakulima kutoka pesa taslimu hadi simu, na kila shilingi inayoingia lazima ijulikane ni ya mkulima gani.

Nilichofanya mimi kimeokota kipande kwa kila mmoja wao. Mkulima anatumiwa SMS yenye kiungo, na ndani yake imo nambari ya tiketi pamoja na saini ya HMAC, mbinu iliyoandikwa kwenye RFC 2104 mwaka 1997. Akiibadilisha nambari, saini inakataa. Haandiki chochote cha kumbukumbu. Nambari anayosomewa kwa simu ina tarakimu ya Luhn mwishoni.

Wanabaki wale wanaojaza fomu kwenye simu ya duka la agroveti, bila kiungo chochote. Nyumba moja hutumia simu moja, kwa hiyo nambari ya simu peke yake nimeikataa. Bosi alitaka programu iunganishe yenyewe kwa jina na simu. Nikabisha. Tiketi mbili za mtu mmoja ni usumbufu tu, lakini tiketi moja yenye watu wawili inampa mmoja mbegu za mwenzake. Sasa programu inaonyesha tiketi zinazofanana, na mhudumu anapiga simu kuuliza kabla ya kubonyeza. Hata akishabonyeza, tiketi zote mbili hubaki na nambari zao, na kuna kitufe cha kuzitenganisha. Bosi bado anakiona kitufe hicho kuwa cha bure. Wahudumu wa Kitale wameshakitumia mara nne.