Jiko moja, wapangaji sita: Namna ya kupika pamoja bila ugomvi wala hatari

Si kila mwanafunzi anayejiunga na chuo katika Kaunti ya Kwale hupata kitanda bwenini. Baadhi ya wanaosomea taaluma za afya katika bewa la Msambweni la Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu, KMTC, pamoja na wale wanaofika Diani kufanya mazoezi ya kazi hotelini, hulazimika kukodi vyumba mitaani. Aghalabu chumba hicho huwa katika nyumba ya Kiswahili, na hapo ndipo mgeni aliyelelewa bara anapokutana na jambo ambalo hakulitarajia: chumba ni chake, lakini jiko ni la wote.

Nyumba ya aina hii inajulikana vyema kote Pwani. Mbele kuna baraza. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu wenye vyumba pande zote mbili, na mwisho wake mlango wa kutokea uani, penye bafu, choo, mapipa ya maji na kibanda cha kupikia. Mpango huo ulifaa jamaa wa ukoo mmoja. Jikoni palikuwa na mwenyewe, mama au nyanya, aliyejua makaa yamebaki kiasi gani na nani hajala. Vyumba vinapokodishwa kimoja kimoja kwa watu wasiojuana, mamlaka hayo hutoweka. Jiko huwa na wenyewe sita, na jivu halina wa kulizoa.

Ugomvi unaofuata huonekana mdogo. Sufuria imeachwa na ukoko siku mbili. Maji ya mtungi wa lita 20, yaliyonunuliwa kwa mwenye mkokoteni, yametumiwa na mtu asiyejulikana. Makaa yaliyotosha juma zima yamekwisha Jumatano. Watu hununiana, kisha mmoja hufanya lile ambalo wapangaji wengi hulifanya wakichoshwa: hubeba jiko lake la makaa na kulipeleka chumbani.

Hapo mambo hubadilika kabisa. Makaa yanapowaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa ilhali mtu anaendelea kupumua kama kawaida. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Aliyelala huenda asihisi lolote, wala asiamke. Ikumbukwe kuwa makaa mekundu yasiyotoa moshi, ambayo wengi hudhani kuwa salama, ndiyo yayo hayo yatoayo gesi hii. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemewa, na msimu wa masika huzidisha hatari, kwani watu hufunga madirisha kwa sababu ya mvua, mbu na wezi.

Akipatikana mtu aliyezidiwa namna hiyo, afunguliwe mlango na madirisha, atolewe nje upesi na kukimbizwa hospitalini, ambako atapewa oksijeni. Kumnywesha maziwa, kama wafanyavyo wengine, hakumsaidii, na aliyepoteza fahamu anaweza kupaliwa.

Kwa hivyo amani ya jikoni haihusu adabu pekee. Kila mpangaji anayefukuzwa uani kwa maneno makali ni mtu anayesukumwa kupikia mahali asipopaswa kupikia. Dawa ni kuanza na kile kinachowagombanisha watu hasa, nacho si chakula. Ni gharama ambazo hakuna aliyezitamka siku ya kwanza.

Nishati ndiyo inayoongoza. Mafuta ya taa, yaliyokuwa kimbilio la wanafunzi kwa miaka mingi, yalipanda bei baada ya serikali kuanza kutoza Sh18 kwa kila lita mnamo Septemba 2018, ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Gesi nayo imepita njia yenye mabonde: ilitozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ukapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ukaondolewa mwaka 2023. Koili ya stima hupigwa marufuku na wenye nyumba wengi, na si kwa ukatili. Nyaya za nyumba kuukuu hazihimili mzigo huo, na tokeni za mita moja inayotumiwa na wote humalizwa na mtu mmoja anayechemsha maharagwe.

Palipo na mtungi wa gesi wa pamoja, kugawa gharama kwa usawa wa vichwa huleta manung'uniko, kwani yupo apikaye mara tatu kwa siku na yupo ambaye huchemsha chai tu. Utaratibu unaofaa zaidi ni kuhesabu milo. Karatasi hubandikwa ukutani, kila apikaye hutia alama, na mtungi ukiisha alama hujumlishwa. Maharagwe na githeri vihesabiwe mara mbili, maana hukaa motoni kwa saa nyingi. Wanaotumia makaa wanaweza kununua gunia kwa pamoja na kulipima kwa kopo moja lisilobadilishwa. Jiko lenye udongo ndani na bati nje, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, hutumia makaa machache kuliko lile la bati tupu, na inafaa kila aliye uani awe nalo kabla ya kulaumu wenzake kwa ubadhirifu.

Maji yahesabiwe vilevile. Kila chumba kiwe na mtungi wake wenye alama, na pipa la kuoshea vyombo lijazwe kwa zamu. Zamu ikishindikana, basi achange pesa.

Kuna jambo moja la usalama ambalo nyumba za pamoja hulisahau. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka na kutanda sakafuni, mahali hasa lilipo jiko la makaa la jirani. Haifai kabisa mtungi wa gesi na makaa yanayowaka vikae katika kibanda kimoja chembamba. Mtungi usimame wima, mpira wake ukaguliwe kwa povu la sabuni, na harufu ya gesi ikisikika watu wafunge vali, wafungue mlango na wasiguse swichi ya taa. Ikiwa kibanda ni kidogo, wapangaji waamue nishati moja ya ndani na nyingine ikae nje uani.

Suala la dini na vyakula huhitaji busara zaidi kuliko hesabu. Wadigo, ambao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya ukanda huu, wengi wao ni Waislamu, na mwanafunzi kutoka Kisii au Kitui huenda akawa hajawahi kuishi na mtu anayefunga. Nyama ya nguruwe haipikwi katika sufuria wala kukatwa kwa kisu cha pamoja. Ni heri isiletwe kabisa katika nyumba ya aina hiyo, na mwenye nyumba akisema hivyo asionekane mkali. Wakati wa Ramadhani foleni ya jikoni hubadilika. Saa moja kabla ya magharibi waachiwe wanaofunga, na wasiofunga wapike mapema mchana. Usiku wa manane, wanaoamka kula daku nao wakumbuke kuwa kuna mwenzao atakayeingia wodini alfajiri. Kwa upande mwingine, harufu ya omena au papa isigeuzwe kuwa matusi ya kabila. Mkaanga samaki afunike karai, afungue mlango wa ua, na mengine yavumiliwe.

Kwa wageni wa Pwani kuna tahadhari ya ziada. Wali wa nazi, mtamu kama ulivyo, haukai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa usalama wa chakula wa mwaka 2001, lilishauri kuwa chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, na joto la Msambweni si la mchezo. Wali uliolala una vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki hata ukipashwa moto. Pasipo na jokofu, pika kinachoisha. Na chakula kilichofunikwa kawa bila jina kitaliwa, kisha kitaleta kesi, hivyo aliyebakisha aseme.

Swali la nani aamue ugomvi ukitokea halipaswi kuachiwa mwenye sauti kubwa. Katika nyumba nyingi mama mwenye nyumba huishi papo hapo au mtaa wa pili. Wapangaji wamwendee kwa heshima, wakiwa wawili watatu, kabla neno halijafika barazani. Mwanafunzi anayemrukia Mama wa watu mbele ya wajukuu wake atashindwa hata akiwa na haki.

La mwisho ni kuondoka. Wanafunzi hupelekwa mazoezini kwa majuma kadhaa, na wengine huhitimu. Asiyekuwepo asihesabiwe gharama za nishati, ila ajulishe mapema. Mtungi wa kilo 6 ulionunuliwa kwa mchango uandikiwe karatasi yenye majina na kiasi cha kila mmoja siku ileile ya kununua, ili anayehama amwuzie sehemu yake anayeingia. Ikiwa mwenye nyumba ndiye aliyeununua, wapangaji hulipia kujaza tu, na mtungi hubaki uani.