Kifaru, Deraya na Mamba: Utambuzi wa Magari ya Kivita ya Magurudumu katika Picha za Kumbukumbu, kwa Mifano ya Kasese na Bwera

Ikisiri

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, neno kifaru hubebeshwa karibu kila chombo cha chuma kinachoonekana vitani. Makala haya yanaonyesha kwamba mazoea hayo hupunguza thamani ya picha za kumbukumbu kama ushahidi wa historia. Kwa mifano ya Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, yanapendekeza utaratibu wa kusoma picha unaoanzia kwenye magurudumu, ukapitia alama na mandhari, ukaishia kwenye neno la shahidi. Hoja kuu ni kwamba kuitambua aina ya gari hakutoshi kulitambua jeshi lililolitumia.

1. Utangulizi

Mji wa Kasese umekaa chini ya milima ya Ruwenzori, mahali ambapo njia kadhaa hukutana. Reli ilifika hapo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Barabara ya kusini huvuka Mfereji wa Kazinga pale Katunguru na kuelekea Mbarara. Ya kaskazini huenda Fort Portal. Ya magharibi hupita Bwera hadi mpaka wa Mpondwe, ambapo ng'ambo yake ni Kasindi, nchini Kongo. Njia zilizobeba shaba, kahawa, samaki na chumvi ya Katwe ndizo zilizobeba pia majeshi.

Mwaka 1979, baada ya Mbarara kutekwa mwishoni mwa Februari, baadhi ya vikosi vya Tanzania vilisonga mbele katika magharibi ya Uganda huku askari wa Idi Amin wakirudi nyuma. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka iliyokuwa Zaire na kushambulia Mpondwe na Bwera. Agosti 1998 majeshi ya Uganda yaliuteka mji wa Beni, ambao barabara ya Kasindi huuelekea. Tarehe 30 Novemba 2021 Uganda na Kongo zilianzisha operesheni ya pamoja dhidi ya ADF mashariki mwa Kongo, iliyopewa jina la Kiswahili: Shujaa.

Kwa hiyo picha isiyo na tarehe, yenye gari la chuma barabarani na Ruwenzori nyuma yake, inaweza kuwa ya kipindi chochote kati ya hivyo. Maelezo yanayosema tu "kifaru kikipita Kasese" hayamsaidii mtafiti kuchagua. Tatizo hili si dogo. Mwaka 2015 hazina ya negativu zipatazo 70,000, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, ilijulikana kwa watafiti katika Shirika la Utangazaji la Uganda, na sehemu yake ikaonyeshwa kwa umma katika Makumbusho ya Uganda, Kampala, mwaka 2019. Kadiri picha za namna hiyo zinavyozidi kuwekwa katika mfumo wa kidijiti, ndivyo kila neno la maelezo linavyosambaa mbali zaidi, liwe sahihi au la.

2. Neno kifaru na mipaka yake

Kiswahili kilimchukua mnyama mwenye ngozi nene na pembe mbele, kikampa jina lake mtambo wenye chuma kinene na mtutu mbele. Ni sitiari iliyokamilika kiasi kwamba hata upatanisho wa kisarufi umeifuata: kifaru wa mbugani amekufa, lakini kifaru cha kivita kimeharibika. Katika maana yake ya kijeshi, kifaru hutembea kwa minyororo na kazi yake ni kupiga kwa mzinga.

Gari la kubebea askari ni chombo kingine. Limefunikwa kwa deraya ili kuwakinga waliomo dhidi ya risasi na vigae vya mabomu. Mara nyingi hutembea kwa magurudumu, ingawa mengine hutumia minyororo. Silaha yake kwa kawaida ni bunduki ya rashasha. Kiswahili kina maneno ya kulitaja: gari la deraya, au kwa ukamilifu, gari la deraya la kubebea askari. Msamiati upo, kinachokosekana ni mazoea ya kuutumia mtu anapoandika maelezo ya picha.

Tofauti hii ina uzito wa kihistoria. Kuwapo kwa vifaru mahali fulani humaanisha kwamba jeshi lilijiandaa kwa mapambano makubwa. Magari ya deraya ya magurudumu huweza kuwa ya doria, ya kusindikiza msafara, ya kulinda kituo cha mpakani, au ya kukimbilia. Anayeita vyote kifaru huigeuza doria kuwa vita, na mafungo kuwa mashambulizi.

3. Kuhesabu magurudumu

Hatua ya kwanza ni kuhesabu magurudumu ya upande mmoja, kisha kutazama nafasi kati yake. Kwa miaka ya 1970, orodha za silaha za Uganda hutaja BTR-40 na BTR-152 za Kisovieti, OT-64 iliyobuniwa na Czechoslovakia na Poland, pamoja na magari ya Kiingereza ya Saracen, Saladin na Ferret. Hesabu ya magurudumu huyagawa mara moja.

Magurudumu mawili kila upande huashiria BTR-40 au Ferret. BTR-40 ilijengwa juu ya msingi wa lori la GAZ-63: ina boneti mbele kama lori, na sehemu ya askari iko wazi juu. Ferret ni ndogo zaidi, ni ya upelelezi, na haibebi kikosi.

Magurudumu matatu kila upande huhitaji jicho la pili. BTR-152 nayo ilitokana na lori, ZIS-151, hivyo gurudumu la mbele liko peke yake na mawili ya nyuma yamekaribiana. Saracen na Saladin zina magurudumu matatu yaliyoachana kwa nafasi sawa. Kati ya hizo mbili, Saracen ina injini mbele na milango nyuma kwa ajili ya askari. Saladin ina injini nyuma na mzinga wa milimita 76, na si gari la kubebea askari. Saladin ndiyo inayoitwa kifaru mara nyingi zaidi, kwa sababu mtazamaji huuona mzinga kabla ya kuyaona magurudumu.

Magurudumu manne kila upande huleta swali la OT-64 na BTR-60. Libya, iliyopeleka askari kumsaidia Amin mwaka 1979, ilikuwa na BTR-60 katika jeshi lake, kwa hiyo swali hilo si la nadharia tu. Katika OT-64 kuna mwanya mpana kati ya gurudumu la pili na la tatu, na askari hushukia milango ya nyuma. Katika BTR-60 magurudumu yamepangwa kwa nafasi zinazokaribiana zaidi, na injini zake mbili ziko nyuma, hivyo hakuna mlango wa nyuma.

Picha iliyopigwa kutoka mbele huzificha tofauti hizi: BTR-40 na BTR-152 zikitazamwa usoni hufanana sana. Hapo jibu la uaminifu ni "gari la deraya la Kisovieti lenye boneti", bila namba. Negativu nayo huweza kuchapishwa kinyume, kushoto kukawa kulia. Namba za gari, mabango na vifungo vya sare ni vya kuangaliwa kabla ya kutoa hukumu yoyote kuhusu upande.

4. Aina ya gari haithibitishi jeshi

Kosa la hatari zaidi huja baada ya aina kutambuliwa kwa usahihi. Mtafiti anayejua kwamba Uganda ilikuwa na BTR-40 na BTR-152 huweza kuhitimisha kwamba kila BTR inayoonekana kwenye barabara ya Kasese ni ya askari wa Amin. Lakini orodha za miaka hiyohiyo huzitaja aina hizo mbili katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania pia. Nchi zote mbili zilipata silaha kutoka kambi ya Kisovieti, na gari lililotekwa huweza kugeuziwa bunduki siku hiyohiyo.

Mfano wa Entebbe unatosha kuonya. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walishuka katika uwanja huo wakiwa na BTR-40 ndani ya ndege zao. Gari la Kisovieti katika ardhi ya Uganda usiku ule huweza kuwa la mwenyeji au la mvamizi. Umbo la chuma halitoi uraia.

Jeshi hutambuliwa kwa alama zilizopakwa kwenye gari, kwa namba, kwa sare na kofia za waliomo, kwa silaha za mkononi, na kwa mandhari. Mandhari ya Kasese ni shahidi mzuri: daraja la Katunguru, majengo ya Kilembe, kiwanda cha saruji cha Hima na umbo la safu ya Ruwenzori humwezesha mkazi wa eneo kusema picha ilipigwa kutoka wapi na gari lilielekea upande gani. Mwelekeo huo nao usisomwe kwa haraka. Gari linaloelekea Bwera huweza kuwa linafukuza, linakimbia au linarudi kambini.

5. Neno mamba kama ushahidi wa wakati

Baada ya picha kusomwa, hufuata neno la shahidi. Hapa taaluma ya lugha ina mchango ambao wataalamu wa silaha hawawezi kuutoa. Nchini Uganda, tangu miaka ya 1990, neno mamba limeenea kama jina la jumla la magari ya deraya ya jeshi na polisi. Chanzo chake ni gari la Afrika Kusini liitwalo Mamba, lililobuniwa kukinga waliomo dhidi ya mabomu ya ardhini kwa kitako chenye umbo la V. Uganda ilikuwa nalo pamoja na jingine la nchi hiyohiyo, Buffel, lenye chumba cha dereva upande wa kushoto na sehemu ya askari iliyo wazi juu.

Waliolibatiza gari hilo walimkusudia nyoka ambaye Waswahili humwita koboko. Msikilizaji wa Kiswahili, kwa kuwa mamba wake ni wa majini, alimpokea mnyama mwingine kabisa, na jina likamkaa sawasawa: ngozi ngumu, mwili mrefu, kinywa kinachofunguka na kumeza watu. Uganda ilipoyapa magari yake ya baadaye majina ya Nyoka na Chui, iliendeleza desturi ambayo wasemaji walikuwa wamekwisha kuielewa.

Kwa mtafiti, neno hili ni kama mhuri wa tarehe. Gari liitwalo Mamba halikuwapo mwaka 1979. Mzee wa Bwera akisimulia kwamba mwaka huo "mamba zilipita usiku", haifai kumwona mwongo. Ameyaona magari ya deraya, kisha akayapa jina alilojifunza baadaye. Kosa litakuwa la mtafiti atakayeandika neno hilo chini ya picha kana kwamba ni jina la aina.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Swali "Je, kilikuwa kifaru?" humpa mzee jibu kabla hajafungua kinywa. Ni afadhali aulizwe kwa adabu kuhusu alichokiona na kukisikia: chombo kiliacha alama gani barabarani, watu walipanda kwa wapi, vichwa vyao vilionekana juu au la. Minyororo huchimba lami na udongo kwa namna ambayo matairi hayafanyi. Vichwa vilivyoonekana juu humwondoa mtafiti kwenye magari yaliyofunikwa. Katika eneo ambalo masimulizi hupita kati ya Lhukonzo na Kiswahili, maelezo ya umbo husafiri kwa usalama zaidi kuliko majina.

6. Uzito wa maelezo mafupi

Huenda ikaonekana kwamba haya ni mambo ya wapenzi wa mitambo. Historia ya mpaka huu inasema vingine. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikiuka sheria ya kimataifa kwa matendo yake ya kijeshi nchini Kongo. Tarehe 9 Februari 2022 iliiamuru ilipe fidia ya dola za Marekani milioni 325. Katika hatua ya pili upungufu wa ushahidi wa madhara mahususi ulikuwa suala kubwa, na mahakama iliishia kukadiria viwango vya jumla. Picha yenye maelezo ya kizembe haisaidii upande wowote katika shauri la aina hiyo: haimthibitishi aliyetenda, wala haimwondolei lawama asiyetenda.

Nje ya mahakama, wapo watu wanaoishi na kumbukumbu hizo. Familia iliyopoteza nyumba ina haki ya kujua ni jeshi lipi lililopita, hata kama hakuna fidia itakayofuata. Kijana anayeonyeshwa katika maonyesho gari la wakombozi kumbe ni la waliokuwa wakitoroka hupewa historia iliyopinduliwa, na huipokea kwa imani kwa sababu imeandikwa chini ya picha.

7. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yanapendekeza kwamba taasisi zinazohifadhi picha ziandike maelezo kwa ngazi tatu zilizotengwa waziwazi. Ya kwanza ni kinachoonekana: idadi ya magurudumu, nafasi zake, paa, silaha na alama. Ya pili ni kinachokadiriwa: aina ya gari, mahali na kipindi, pamoja na sababu. Ya tatu ni kilichothibitishwa na chanzo kingine, na chanzo hicho kitajwe. Neno la shahidi lihifadhiwe kama alivyolitamka, likiwa na tarehe ya mahojiano.

Neno kifaru libaki kwa chombo cha minyororo chenye mzinga, na gari la deraya litumike kwa cha magurudumu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kusaidia kusanifisha orodha fupi ya istilahi hizi kwa ajili ya wahifadhi wa nyaraka katika nchi wanachama. Uganda, ambayo mwaka 2022 baraza lake la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, ina sababu ya pekee ya kuipokea orodha hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia ya Kiswahili nchini humo ni historia ya kambi na barabara za askari. Kazi inaweza kuanza Kasese na Bwera, wakati wazee walioyaona magari hayo yakipita bado wapo wa kuulizwa.